Redio Isiyo na Shefu

Meza yangu waliihamisha asubuhi, mimi nikiwa bado njiani. Nilipoingia redioni nilikuta chumba cha nyuma, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa biro yangu, kimebaki kitupu, na meza imesukumwa hadi chumba kikubwa, katikati ya meza za wengine, ikitazama ukuta. Mwalimu aliyetumwa kutoka Lubumbashi alikuwa amesimama pembeni, mikono mgongoni, akingoja nimuulize. Nikamuuliza.

"Kuanzia leo, mama, weye hauko shefu tena," akasema kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari zake. "Lakini ekipe itakuhitaji kuliko zamani."

"Sasa minyi niko nani?"

"Uko mwenye kutoa mwelekeo."

Nilielewa kila neno alilosema, na jumla yake sikuielewa.

Redio yetu ni ndogo. Iko Kamina, si mbali na reli, na inasema Kiswahili na Kiluba, na Kifaransa kidogo wakati wa habari. Shirika linalotusaidia lina biro yake kubwa Lubumbashi, na huko walikuwa wamejifunza namna mpya ya kazi, waliyoiga kwa watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Ekipe, yaani kikundi cha kazi, inakuwa ndogo. Inajipangia kazi yenyewe. Inafanya kipande kifupi, inatazama kama kimefaa, inajisahihisha, inaendelea. Hakuna mtu wa kuketi nyuma ya mlango na kusema ndiyo au hapana. Nami kwa miaka yote ile kazi yangu ilikuwa hiyo hasa: kuketi nyuma ya mlango na kusema ndiyo au hapana.

"Ekipe itajua namna ya kufanya," mwalimu alinieleza. "Weye utasema tunaenda wapi, na juu ya nini. Basi."

"Na kama wanaenda vibaya?"

"Watajisahihisha."

"Na kama hawajisahihishi?"

Akatabasamu, akaenda kubandika ukutani moja ya karatasi zake za rangi.

Jioni, tukila bukari na sombe, nilimweleza mume wangu. Yeye alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, na mambo mengi ya dunia huyapima kwa reli.

"Muntu wa kutoa mwelekeo iko yule anayegeuzaka njia za treni," akasema. "Treni ikifika, inakuta njia iko tayari. Hasukume treni. Anageuza njia tu."

Nikafikiri, nikaona ni maneno mazuri. Kisha nikauliza, "Na yeye, nani anamwambia ageuze upande gani?"

"Shefu wa gare, mukubwa wa stesheni."

"Sasa shefu wangu wa gare iko nani?"

Mume wangu akavuta bakuli la maji, akaanza kunawa mikono. "Ile sijue," akasema.

Tulikuwa wanne wa kila siku. Wa kwanza ni mtangazaji wa Kiluba, mzee wetu, mwenye sauti ambayo watu wa vijiji vya kuzunguka Kamina wanaijua kuliko sauti ya jirani. Wa pili ni fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni mwandishi wetu wa habari, mama kijana, Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara waliofika zamani kutoka Maniema. Ana digrii ya chuo na hapendi kukatwa maneno. Wa nne ni mimi, ambaye sasa sikujua nina kazi gani.

Mwalimu alikaa nasi juma moja, kisha akapanda basi kurudi Lubumbashi. Alituachia ukuta wenye karatasi za rangi, upande mmoja kazi zinazongoja, katikati zinazofanywa, mwisho zilizokwisha. Alituachia pia mkutano wa asubuhi, ambao tuliambiwa tuufanye tumesimama ili usiwe mrefu. Mzee wa Kiluba siku ya kwanza alivuta kiti akaketi.

"Papa, tunasimamaka," mwandishi alimkumbusha.

"Nilisimamaka ku masomo," mzee akajibu. "Mwalimu wangu alikufa, nikaanza kukaa."

Nilitaka kumwambia asimame. Halafu nikakumbuka kwamba mimi si mtu wa kumwambia mtu asimame. Nikatazama karatasi. Tangu siku hiyo tulifanya mkutano watatu tumesimama na mmoja ameketi, na hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa sheria yetu au kosa letu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya ajabu. Mtu akija kuniuliza, "Mama, tufanye nini?" nilijibu kama nilivyofundishwa: "Ninyi munaona namna gani?" Mwanzo walifikiri ninawajaribu. Baadaye ikawa mzaha. Nilimkuta fundi akimjibu hivyo mke wake kwenye simu, aliyetaka kujua kama anunue samaki au maharagwe. Kitu kilichonichanganya zaidi ni kimya changu. Nikisema neno, hata neno dogo tu, kwamba muziki wa asubuhi umekuwa mrefu kidogo, kesho yake muziki umefutwa wote, kwa sababu mama amesema. Nikinyamaza, walipita wakinong'ona kwamba mama amekasirika kwa sababu ya meza. Mimi sikuwa nimeamuru, wala sikuwa nimekasirika. Nilikuwa sijui.

Siku moja alikuja ofisa wa serikali akiwa na tangazo, kofia kichwani. Alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Shefu iko nani hapa?"

Fundi alininyooshea kidole. Mimi nikasema ni ekipe yote. Mwandishi akasema inategemea ni jambo gani. Ofisa akamgeukia mzee, mwenye mvi, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Shefu alikufa," mzee akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Ofisa akavua kofia. "Pole sana. Lini?"

Hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka, na hata hapo tulicheka kidogo tu. Tangazo lake lilibaki mezani, na mchana tukagundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake amelisoma hewani.

Kisha mvua zikaanza, na watu wakaanza kufika.

Walitoka upande wa Malemba-Nkulu, ambako watu wenye silaha walikuwa wameingia tena vijijini. Wengine walifika kwa malori, wengine kwa baiskeli zilizobeba magodoro, vyungu na watoto, wengine kwa miguu. Parokia iliwafungulia ukumbi na madarasa ya shule. Mjini kila mtu alikuwa na habari yake. Wengine walisema vita vimekaribia, wengine walisema vimekwisha, na wote walikuwa na hakika.

Redioni kila mtu alianza kufanya alichoona ni lazima. Mwandishi alichukua kinasa sauti akaenda kuwahoji wakubwa juu ya usalama. Fundi alipanda kwenye mnara kila mvua ikitulia, akitaka kuiongezea antena nguvu ili redio isikike mbali zaidi. Mzee, bila kubandika karatasi yoyote ukutani, alianza kusoma kwa Kiluba salamu za wakimbizi waliotafuta ndugu zao. Kila kazi ilikuwa njema. Lakini tulikuwa na jenereta moja, na mafuta yake yalitosha saa chache kwa siku. Saa za mwandishi zilikula za mzee, na fundi alipokuwa anajaribu antena, wote wawili walinyamazishwa.

Asubuhi moja walifokeana mbele yangu.

"Bantu banataka kujua kama vita iko karibu," mwandishi alisema. "Hatuwezi kuacha habari sababu ya salamu."

"Salamu?" mzee akasema. "Mama anatafuta mutoto wake, weye unaita salamu?"

"Na mukisema vizuri namna gani, kama haisikike, inasaidia nani?" fundi akauliza. Hilo lilikuwa jambo refu zaidi nililomsikia akisema mwezi ule.

Wakanigeukia wote watatu. Fundi ndiye aliyesema: "Mama, chagua."

Nilitamani sana kuchagua. Miaka yote ile ningechagua kabla maneno hayajaisha. Niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikampigia simu mwalimu Lubumbashi, nikamweleza yote huku nimesimama chini ya ukingo wa bati, mvua ikinilowesha mgongo.

"Mama, usiwachagulie," akasema. "Hapa njo pa kutoa mwelekeo."

"Nakuuliza tangu mwanzo, mwelekeo iko kintu gani?"

"Iko..." akasema, na simu ikakatika. Nilipiga tena, haikushika. Nilipiga mara nyingine, nikaambiwa mtandao haupo.

Sikurudi ndani. Sikujua ningerudi na nini. Nikafungua mwavuli nikaenda parokiani, bila mpango, kwa sababu huko ndiko kila mtu alikokuwa akienda siku zile.

Ukumbi ulikuwa na joto la watu na harufu ya nguo mbichi. Nilizungukazunguka, nikisalimu. Karibu na dirisha alikaa mama mmoja wa rika langu, kitenge kimefungwa kifuani, akichambua mchele uliogawiwa. Niliketi karibu naye. Nikamwambia ninafanya kazi redioni. Hakuinua uso.

"Ile redio ya papa wa Kiluba?"

"Njo ile."

"Inasikika Kinkondja?"

Nikamwambia sijui. Nikamuuliza ana nani Kinkondja, kule kando ya ziwa.

Alikuwa na mke mwenzake. Siku waliyokimbia, yeye alikuwa shambani, na mke mwenzake alikuwa nyumbani na watoto wote, wa kwake na wa huyu mama. Mume wao alifariki zamani. Kila mmoja alikimbilia upande wake. Yeye alifika Kamina. Mtu mmoja alimwambia kwamba mke mwenzake alionekana akielekea ziwa, akiwa amembeba mtoto mdogo zaidi, ambaye ni wa huyu mama.

"Hatukupendanaka," akasema. "Hatukusemezana tangu mwaka jana. Juu ya chungu kilichopasuka." Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye mchele. "Sasa ninamutafuta yeye tu. Nataka ajue minyi niko muzima. Na nataka kujua kama barabara iko wazi, akitaka kunifuata. Hivyo tu."

Nilikaa naye mpaka mchele ukaisha. Sikusema kitu cha maana. Njiani kurudi maneno yake yalijirudia kichwani, na nilikuwa nimekaribia reli nilipoona kwamba alikuwa ameuliza mambo matatu. Ajulikane kwamba yuko hai. Isikike hadi Kinkondja. Na barabara iko namna gani. Mzee, fundi, mwandishi. Walikuwa wakigombania kitu kimoja bila kujua, nami sikujua pia.

Niliwakuta bado wamenuna. Sikuketi. Nikawaeleza habari za yule mama, na mke mwenzake, na mtoto. Kisha nikasema:

"Kwa wakati huu, kazi yetu iko moja. Muntu aliyeko hapa na muntu wake aliyeko kule bajuane kwamba biko bazima, na bapate njia ya kukutana. Kama kintu kinasaidia ile, tukifanye. Kama hakisaidie, kingoje. Namna ya kufanya, minyi sijue."

Nilidhani nimesema upumbavu. Mvua ilipiga bati, na mzee akakohoa.

Fundi ndiye aliyeanza. "Antena haitafika Kinkondja," akasema taratibu. "Hata niiongeze namna gani. Nilijua. Nilipenda tu kuitengeneza." Akakuna kidevu. "Lakini bantu ba ku ziwa biko na redio ndogo za kutia karte memwari. Tukirekodi sauti, tukitia mu karte, muntu akazipeleka..."

"Bajomba bangu," mwandishi akamkata, yeye asiyependa kukatwa. "Bananunua samaki mukavu kule. Banajua bantu bote ba kinga, ba baiskeli, banaopeleka mizigo. Na bale ba kinga banajua barabara kuliko wakubwa. Kumbe ninahoji bantu bengine bure."

Wakaanza kusema wote pamoja. Karatasi zilitolewa ukutani, nyingine zikabandikwa. Hakuna aliyenitazama. Nilikwenda kwenye meza yangu inayotazama ukuta nikakaa, nisijue kama nimefanya kazi yangu au nimeipoteza.

Kazi ilikwenda haraka kuliko nilivyozoea, na hilo lilinitia hofu. Zamani jambo lilipita kwangu, nikaligeuza, nikalitazama tumbo na mgongo. Sasa niliwasikia hewani kama msikilizaji mwingine yeyote. Siku ya pili nilikuwa nyumbani nikimenya muhogo niliposikia sauti ya mzee ikisoma: mama fulani, wa kijiji fulani, yuko hapa, kwenye darasa fulani la shule fulani, anamtafuta fulani. Mume wangu alikuwa akitengeneza kiti. Akaacha nyundo.

"Na bale banaobafukuza," akasema, "biko na redio?"

Nilifika redioni nikikimbia, kisu cha muhogo bado mkononi. Lakini mwandishi alikuwa ameliona kabla yangu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, na mzee, uso umembadilika, alikuwa amezima kipaza sauti mwenyewe.

"Mwelekeo wako, mama," mwandishi akaniambia, si kwa ukali, "ulisema bajuane. Haukusema nani asijue."

Ilikuwa kweli. Nilitoa maneno mazuri, wakayafuata mbio, na ndani ya maneno yale mlikuwa na shimo. Nikamwambia: "Basi tuongeze. Bajuane, na muntu mwingine asijue." Ndivyo mwelekeo ulivyopata mkia, na mimi nikabaki nikijiuliza kama mwelekeo unaruhusiwa kuota mkia katikati ya njia. Nilipompata mwalimu kwenye simu nilimuuliza. Alisema anafikiri ndiyo.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, waliketi wote watatu, na mimi pembeni. Tatizo lilikuwa hivi: utamwitaje mtu ndugu yake amtambue, na adui asimtambue? Walijaribu hili na lile. Mwishowe mzee akauliza, karibu kwa aibu, kwa nini tuseme majina.

"Kila nyumba iko na kintu chake," akasema. "Bibi yangu alikuwa anaogopa bata. Mukisema ku redio, 'yule anayeogopa bata,' mimi nitasimama. Bengine batafikiri ni hadithi."

Tangu hapo tuliacha majina ya watu na ya mahali. Kila mkimbizi aliulizwa jambo dogo la nyumbani kwao, ambalo watu wa nyumba tu wanalijua, na alilirekodi kwa sauti yake mwenyewe. Mtu akija kujibu, tulimuuliza mambo mengine kabla ya kumpeleka popote. Ikawa kipindi. Watu wa Kamina, hata wasiotafuta mtu, walikisikiliza wakicheka na wakilia. Yule aliyeingia kanisani na viatu vya kaka yake. Yule aliyemficha kuku chini ya kitanda siku ya ugeni. Yule asiyeweza kulala bila kukunja blanketi miguuni.

Yule mama wa parokiani alifikiri sana mbele ya kipaza sauti. Kisha akasema kwa Kiluba, na mzee akalirudia kwa Kiswahili: "Siye mbuzi aliyepasua chungu. Lakini nimeacha ule ugomvi. Minyi niko muzima."

Karte memwari zilisafiri kwenye mifuko ya watu wa baiskeli, chini ya chumvi na sabuni, hadi Kinkondja na vijiji vya kando ya ziwa. Tukangoja.

Aliyejibu wa kwanza juu ya chungu alikuwa mwanaume. Alifika redioni ametota matope hadi magotini, akasema kwa unyenyekevu kwamba kwao pia chungu kilipasuka, na mbuzi akasingiziwa, na yeye anamtafuta dada yake. Tulimuuliza chungu kilikuwa cha nini. Akasema cha maji. Cha yule mama kilikuwa cha maharagwe. Tulitazamana. Hakuna aliyefikiri kwamba katika nchi yote hii kungekuwa na mbuzi wawili waliosingiziwa. Fundi alimpa chai, mzee akarekodi ujumbe wake. Dada yake sikusikia kamwe kama alipatikana. Bado ninamfikiria yule mwanaume, jinsi alivyokunywa chai ile akishika kikombe kwa mikono miwili.

Majibu mengine yalikuja. Si mengi kama tulivyotaka. Baba mmoja alipata wanawe wawili. Bibi mmoja aliletewa habari kwamba watu wake hawapo tena, na alitushukuru vilevile, "wafwako", akatuacha hatujui pa kutazama. Kuna waliongoja wakaacha kungoja.

Na asubuhi moja lori la samaki lilisimama mbele ya redio, akashuka mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni na wengine wakimfuata, wamekumbatia vifurushi. Mwandishi alimuuliza maswali yote: chungu cha nini, mume aliitwaje, mlango wa nyumba ulitazama wapi. Alijibu yote. Tulimpeleka parokiani, mimi na mzee. Yule mama alikuwa anafua uani. Alituona, akasimama na mikono yake inadondosha povu. Watoto wakamkimbilia. Mke mwenzake alibaki nyuma kidogo, akafungua kitenge, akamshusha mtoto mdogo, akamsukuma mbele taratibu.

"Ni mbuzi," akasema. "Hata leo nasema ni mbuzi."

Yule mama alimbeba mtoto wake, akamnusa shingoni. "Sawa," akasema. "Ni mbuzi." Kisha akavuta beseni akampa nafasi, wakaendelea kufua pamoja, na sisi wawili tukaondoka kwa sababu hatukuwa na kazi pale.

Miezi ilipopita na barabara ikatulia, mwalimu alirudi kutoka Lubumbashi. Habari zetu zilikuwa zimemfikia. Alitaka nizungumze na ekipe nyingine za shirika, kwa video, niwaeleze nilivyoongoza. Waliniwekea kompyuta, nyuso nyingi zikanitazama. Nikaeleza kwamba nilienda parokiani kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikamsikiliza mama mmoja, nikarudi nikasema jambo moja ambalo lilikuwa na shimo, wengine wakaliziba. Walingoja niendelee. Sikuwa na zaidi.

"Na ulijuaje kwamba njo jambo la kusema?" mmoja akauliza.

"Sikujua."

"Na ulijuaje wakati wa kunyamaza?"

"Niliogopa," nikasema, na mwalimu akakohoa, akawashukuru wote, akafunga.

Baadaye aliniambia nimejibu vizuri sana. Sikuelewa kama ananifariji. Nilimuuliza kile alichotaka kuniambia siku ile simu ilipokatika. Akafikiri, akakiri kwamba hakumbuki.

Sasa wakimbizi wengi wamerudi kwao. Karte hazisafiri tena. Kipindi kile kimebaki, lakini wanaokuja ni watu wa mjini wanaotaka kumchekesha shangazi, na mzee hakipendi tena. Juma lililopita, kwenye mkutano wa asubuhi, karatasi zilizongoja zilikuwa nyingi na hakuna aliyezigusa. Mwandishi anataka kufuata habari za mitaro inayofurika. Fundi amerudia antena. Mzee anasema vijana hawajui Kiluba tena, na redio ingefanya kitu. Walisema, kisha wakanigeukia.

"Mama," mwandishi akasema, "ile kazi imeisha. Sasa tunaenda wapi?"

Nilitazama zile karatasi. Nilikuwa nimefikiri kwamba mwelekeo ukishapatikana unabaki. Hakuna aliyeniambia kwamba unaisha, na kwamba utatafutwa upya kila mara na mtu yuleyule ambaye hajui ulikotoka ule wa kwanza.

"Sijue," nikasema. "Muningojee kidogo. Endeleeni na kazi ndogo ndogo."

"Unaenda wapi?" fundi akauliza, maana nilikuwa nimeshika mkoba.

"Sokoni."

"Kununua nini?"

Nikamwambia labda nyanya. Nikatoka. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na barabara ilikuwa na madimbwi. Sokoni nilipita kwa wauza muhogo, nikapita kwa wauza samaki, nikisalimia, nikisimama penye watu wanaozungumza. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alinisogezea kigoda nikae. Nikakaa, nikamuuliza habari za nyumbani, naye akaanza kunieleza.